Tunacheka Nini? Maoni Yangu Kuhusu Vipindi vya Runinga

Mhariri amenipa kurasa chache nitoe maoni yangu kuhusu vipindi vya runinga tunavyotazama nyumbani. Wengi wakiulizwa jambo hili husema kwamba runinga inaharibu vijana, inatufunza mapenzi kabla ya wakati na kutunyima muda wa kusoma. Hayo yamesemwa tangu baba zetu wakiwa shuleni, na sioni haja ya kuyarudia. Mimi nina swali moja tu. Tunapokaa mbele ya runinga tukacheka mpaka machozi yakatutoka, huwa tunacheka nini hasa?

Jibu langu nalitoa mapema ili usije ukasema nilikuzungusha. Mara nyingi hatucheki neno lililosemwa, bali tunacheka ulimi uliolisema. Tunacheka lafudhi. Na kicheko hicho hakibaki sebuleni runinga inapozimwa. Hutufuata hadi darasani na hadi mikutanoni, na kimewafunga watu wengi vinywa katika lugha ambayo ni yao.

Kwanza mnijue mimi ni mtazamaji wa aina gani. Kwetu runinga ni moja, na iko katika chumba kile kile tunamolia chakula, ninamosomea, na wadogo zangu wanamolala. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Wenzetu wa bweni wana saa zao za maandalio. Maandalio yangu ni hapo mezani, runinga ikinguruma kando ya sikio. Mamlaka ya kuchagua stesheni ni ya baba mpaka taarifa ya habari ya saa moja iishe. Baada ya hapo ni ya mama. Nyanya akija kututembelea, humpindua mama bila uchaguzi. Kwa hivyo nimetazama vingi ambavyo sikuvichagua, na vingine nimevisikia tu huku nikikokotoa hesabu. Wacha niseme, ukisikiliza kipindi bila kukitazama, ndipo unapojua ni lugha gani imepewa nani.

Wazazi wetu walikulia katika stesheni moja. Ilikuwa ni Sauti ya Kenya, ambayo mwaka wa 1989 ilipata jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Mwaka wa 1990 ikaja KTN, lakini mwanzoni ilikuwa ya watu wa Nairobi na viunga vyake. Ndiyo sababu ukimwuliza mtu yeyote wa rika la mama yangu, atakutajia vipindi vile vile: Vioja Mahakamani, Vitimbi, na baadaye Tausi. Mama husema kijijini kwao kulikuwa na runinga moja iliyotumia betri ya gari, na watoto walichota maji ya mwenye nyumba ndipo wakaruhusiwa kuketi sakafuni. Vitimbi walikilipia jasho, ati, ndiyo maana wanakikumbuka!

Siku hizi vipande vya Vitimbi vinapatikana kwenye intaneti, na mimi nimevitazama kwa simu ya kaka yangu. Mzee Ojwang' wa kipindi hicho aliigizwa na Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015. Lafudhi yake ilikuwa ya Kijaluo, tena nzito kama uji wa wimbi, lakini yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Nilipomwambia jirani yetu jambo hili alikataa katakata, akasema nimedanganywa na simu. Mzee huyo aliivaa lafudhi kama mtu avaavyo koti. Muhimu ni kwamba ndani ya koti mlikuwa na mtu. Mlikuwa na mume mkaidi, mwenye hila zake ndogo ndogo, anayejaribu kumzidi mkewe Mama Kayai akili na mara nyingi anaishia kushindwa. Mume wa namna hiyo yuko kila kijiji, kila kabila. Mimi ninao wajomba wawili.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, na naomba mkijaribu nyumbani. Chukua kipande chochote cha kuchekesha. Iondoe lafudhi. Mhusika azungumze sawasawa kama msomaji wa taarifa ya habari. Je, bado pana cha kuchekesha? Kaka yangu na mimi tulifanya hivyo na Vitimbi. Yeye alikuwa Ojwang', mimi nikawa Mama Kayai, tukazungumza Kiswahili cha mtihani kabisa. Mama, aliyekuwa akichambua mboga, alicheka akamwaga kunde. Kipindi kimepita mtihani.

Kisha tukajaribu Papa Shirandula. Kipindi hiki kilianza kuonyeshwa na Citizen mwaka wa 2007, na Papa mwenyewe aliigizwa na Charles Bukeko, ambaye kifo chake Julai 2020 kiliwaliza watu wengi wasiowahi kumwona ana kwa ana. Papa ni bawabu ambaye amemficha mkewe Wilbroda kazi yake halisi. Ebu fikiria jambo hilo kidogo. Ni la kuchekesha, na tena ni la kuhuzunisha. Kwa nini mtu anayefanya kazi halali aone haya kuitaja mbele ya mke wake? Ni kwa sababu sisi majirani tungemdharau. Kicheko hapo kinatugeukia sisi wenyewe. Tuliondoa lafudhi, na Papa alibaki Papa. Hata Awinja, yaya aliyeigizwa na Jacky Vike, bila lafudhi yake bado ni msichana mwenye ulimi mkali anayejua siri za kila mtu.

Halafu tukajaribu vichekesho vingine vya siku hizi, vile ambavyo mtu husimama peke yake jukwaani. Sitavitaja kwa majina kwa kuwa sitaki ugomvi. Tuliondoa lafudhi, na lo! hapakubaki kitu. Alikuwa ni mtu anayeeleza jinsi alivyokwenda dukani kununua sukari. Kaka alinitazama, nami nikamtazama. Mama akauliza, "Sasa hiyo ndiyo nini?" Kumbe kilichokuwa kikituchekesha wakati wote huo ni kwamba yule mtu anasema "sukali" badala ya "sukari". Basi, ni hilo tu!

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tuliwasifu waigizaji wakubwa kwa sababu ya lafudhi zao, wakaja wadogo wakadhani lafudhi ndiyo kazi yote. Waliona koti wakalichukua, lakini yule mtu aliyekuwa ndani hawakumwona.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi. Chukua kalamu na karatasi, utazame vipindi vyetu kwa wiki moja, uandike ni nani anayepewa lafudhi. Utapata bawabu, yaya, mpishi, mzee wa kijiji, mgeni aliyeshuka kwenye basi na kuku mkononi. Kisha uandike ni nani asiye na lafudhi. Utapata mkurugenzi, daktari, wakili na mchumba wa kutoka ng'ambo. Hawa, wakianza kwa Kiswahili, kabla sentensi haijaisha wameshaingia Kiingereza. Hata mwenye lafudhi akipewa cheo, kama Inspekta Mwala wa Davis Mwabili na Kikamba chake, cheo chenyewe huwa sehemu ya mzaha. Mtoto wa darasa la tatu akitazama haya miaka mitano mfululizo, hahitaji kuelezwa. Ameshajua kwamba Kiingereza ni cha wenye ofisi, na Kiswahili chenye lafudhi ni cha wale wa kuchekwa.

Najua mtaniambia, "Lakini siku hizi kuna vipindi vya Kiswahili ambavyo si vya kuchekesha." Ni kweli, na navitazama, kwa sababu baada ya habari mama hakubali stesheni nyingine. Tulikuwa na Maria kuanzia mwaka wa 2019, kisha Zora mwaka wa 2021, kisha Sultana mwaka wa 2022, vyote vya kampuni ya Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, ambao wengi tuliwajua kwanza kama wasomaji wa habari za Kiswahili. Nitasema wazi wazi: vipindi hivi vimefanya kazi kubwa. Kabla yake mama alitazama vile vya Mexico vilivyowekwa sauti za Kiingereza, na nyanya alikuwa akiuliza kila dakika, "Amesema nini huyo? Na sasa kwa nini analia?" Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na nikichoka nilikuwa nikimtungia hadithi yangu. Lakini Maria alipoingia katika jumba la kina Hausa na lugha yake ya mtaani, nyanya hakuhitaji mkalimani. Alibishana na runinga mwenyewe. Alimwambia Sophia ajiheshimu, tena kwa sauti. Tajiri aligombana kwa Kiswahili, akaposa kwa Kiswahili, akadanganya kwa Kiswahili. Hayo si madogo.

Malalamiko yangu juu ya vipindi hivi ni mawili. La kwanza ni la kila mtu: siri ambayo ingefichuliwa kwa sentensi moja huchukua miezi mitatu, na mlango ukifunguliwa hatumjui anayeingia mpaka kesho. Hilo ni biashara yao, naweza kuvumilia. La pili ni la lugha. Kiswahili kinapotaka kuwa kitamu na cha heshima, hupelekwa Pwani. Sultana, yule msichana asiyeona, anaishi Pwani na lugha ya hapo inapendeza kama maji ya madafu. Sisi wa bara je? Kana kwamba mtu wa Kakamega hawezi kupenda, mtu wa Machakos hawezi kufiwa, mtu wa Nyeri hawezi kuomba msamaha kwa Kiswahili bila watu kuangua kicheko. Katika vichekesho tuna lafudhi na hatuna heshima. Katika vipindi vya mapenzi tunapewa heshima, lakini lafudhi tumeambiwa tuiache nje pamoja na viatu.

Hata hiyo Pwani yenyewe, kama hamjui, ina lafudhi zake. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba Kiswahili sanifu kilitokana na Kiunguja, baada ya mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928. Kimvita cha Mombasa hakikuchaguliwa. Mzee wa Mombasa asemaye Kimvita atasema "mato" badala ya "macho", na atakuita "ndoo" akimaanisha "njoo". Kwa kipimo cha kitabu cha sarufi, amekosea. Lakini nani anamcheka? Tunasema, "Ah, hicho ndicho Kiswahili chenyewe!" Yeye akiacha sauti moja ni utamu, mtu wa bara akiacha sauti moja ni kichekesho. Basi si sauti tunayoicheka. Tunamcheka mtu na mahali alikotoka.

Na lafudhi ni nini jamani? Ni alama ya lugha ya kwanza, kama kovu la chanjo mkononi. Kikuyu hakina sauti ya l, ndipo lori likawa "rori". Kijaluo hakina sh, ndipo shule ikawa "sule". Kwetu b na p hazina mipaka mikali, wala d na t. Hata Mwingereza na shule zake zote ukimwambia aseme "ng'ombe" utamhurumia. Mwenye lafudhi katika Kiswahili si mtu asiyejua lugha. Ni mtu anayejua lugha mbili, na ya kwanza bado inapiga hodi.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili nalichukulia kwa uzito, wala si kwa kutafuta la kuandika tu. Baba yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Milango, madirisha, vitanda, yote hayo anatengeneza, na mtaani hakuna anayebisha kazi yake. Nilipokuwa darasa la nane, shule niliyosomea ilikuwa na mkutano wa wazazi. Sisi wakubwa tulikuwa tumesimama mlangoni tayari kugawa chai. Ilipofika wakati wa maswali baba aliinua mkono, akasimama, akavua kofia. Akasema, "Mwalimu mkuu, nimeona teski za watoto zimefunjika miguu. Mimi naweza kuzichomelea pila malipo..." Hakufika mbali. Kwanza walicheka watoto waliokuwa dirishani, halafu wazazi wakacheka, na mmoja wa nyuma akaita kwa sauti, "Papa Shirandula!" Ukumbi mzima ukapasuka. Mwenyekiti alijaribu kuwatuliza, akamwambia, "Endelea, mzee wetu." Lakini baba alitabasamu kidogo, akasema, "Asanteni," akaketi.

Alichokuwa anataka kumalizia nilikisikia nyumbani, akimweleza mama. Alitaka shule inunue vyuma tu, naye angekuja Jumamosi tatu na mashine yake, aunganishe madawati yote. Hakuna aliyemwuliza tena, naye hakusema tena. Tulifanya mtihani wetu wa mwisho wawili wawili kwenye madawati ya kuegemeza ukutani wakati wa masomo, na siku ya mtihani yakaazimwa mengine kutoka kanisani. Sasa niambieni, ni nani aliyepoteza siku ile? Baba alipoteza dakika moja ya raha. Shule ilipoteza madawati.

Simlaumu Charles Bukeko, Mungu amlaze mahali pema. Yeye alimwigiza bawabu akamfanya mtu. Wale waliopiga kelele walichukua kipindi kizima cha miaka mingi wakabakiza sauti tu, na wakaipiga mtu nayo kama jiwe.

Wala msidhani hayo ni ya wazazi peke yao. Tazameni madarasa yetu. Kuna mwenzangu mmoja, simtaji, ambaye insha zake husomwa na mwalimu mbele ya darasa kila mara. Lakini akiambiwa asome mwenyewe, anasema ana kikohozi. Kikohozi hicho kimedumu tangu kidato cha kwanza! Katika mijadala ya chama chetu ni wale wale sita wanaosimama, na wote wamelelewa mjini. Wengine wetu tunaandika hoja kwenye karatasi na kuwapa watusomee. Mtihani wa kitaifa nao unatusaidia kujificha, maana Kiswahili cha KCSE kina karatasi tatu na zote ni za kuandika. Mtu anaweza kupata A bila kufungua mdomo hata siku moja. Tutakuwa taifa la watu wanaojua Kiswahili kwa mkono na kukiogopa kwa kinywa.

Kuna watakaosema, "Wewe unataka kutunyima kicheko. Kenya ina shida nyingi, wacha watu wacheke." Hilo ni neno la maana, nami sitaki kulipuuza. Mimi mwenyewe napenda kucheka, mnanijua. Wengine watasema kwamba makabila yetu yakitaniana ndipo yanapoishi kwa amani, na kwamba kila mmoja huchekwa kwa zamu. Nakubali kwamba utani ni dawa. Babu zetu walikuwa na watani, na mtani aliweza kukutania hata matangani. Lakini utani una sheria. Mtani wako nawe unamtania. Mnaketi sawa. Runinga inamtania yaya, naye yaya hana runinga ya kuijibu. Huo si utani, ni mtu mmoja kupigwa huku mikono yake imeshikwa.

Wengine tena, hasa humu chamani, watasema kwamba Kiswahili sanifu ni lazima kilindwe, na kwamba tukivumilia "teski" leo, kesho tutaandika "teski". Nawaheshimu, lakini hapana. Kuandika na kutamka ni mambo mawili. Mwanafunzi afunzwe kutamka, asahihishwe, tena na tena, mimi sina neno. Lakini anayechekwa hajifunzi, ananyamaza. Na aliyenyamaza huwezi kumsahihisha, maana hakuna kosa la kusikia wala sahihi ya kusikia. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Niliisoma mara mbili. Haikusema kwa lafudhi ya wapi.

Sipendi kulalamika bila kutoa shauri, kwa hivyo haya ndiyo mapendekezo yangu.

Kwa watungaji wa vipindi, najua hamsomi jarida letu, lakini huenda mmoja wetu atakuja kuwa mwenzenu. Tupeni hakimu mwenye lafudhi ya Kikamba anayetoa hukumu ya haki na kila mtu ukumbini ananyamaza kumsikiliza. Tupeni daktari wa kike mwenye lafudhi ya Kijaluo anayemwambia mama mgonjwa habari mbaya kwa upole. Tupeni kijana wa Bungoma anayemposa msichana, na msichana anakubali kwa sababu maneno yake ni mazuri. Na mkitaka tucheke, tupeni wakubwa wa kuchekwa. Mkurugenzi anayesahau Kiswahili mbele ya wafanyakazi wake na kukikumbuka mbele ya askari wa trafiki, huyo tutamcheka mpaka asubuhi.

Kwa sisi watazamaji, tutumie kile kipimo. Ondoa lafudhi, utazame kilichobaki. Kama hakikubaki kitu, badilisha stesheni. Wenye runinga hawasikii mahubiri, bali husikia watazamaji wakihama.

Kwa chama chetu, napendekeza mambo mawili yaandikwe katika kumbukumbu. Kwanza, katika mijadala yetu asiingiliwe mtu yeyote kwa kicheko au kwa kuigwa. Matamshi yake yasahihishwe baada ya kumaliza, na msahihishaji aanze kwa kujibu hoja aliyoitoa. Pili, mchezo tutakaoonyesha mwaka ujao tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka wa 2021, uwe na angalau mhusika mmoja mkuu mwenye lafudhi ya bara ambaye si bawabu, si yaya wala si mpumbavu. Nimeanza kuutunga. Mhusika mwenyewe ni mhandisi wa madaraja, mwanamke, na herufi ya b inamsumbua. Natafuta mtu wa kumwigiza, na wale wenye kikohozi watapewa nafasi ya kwanza.

Hayo ndiyo maoni yangu. Asiyekubaliana nami aje mjadalani Ijumaa, asimame, aseme kwa ulimi wowote aliopewa na mama yake. Nitamsikiliza mpaka mwisho, ndipo nimjibu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu